Mkoa Hauna Kiti Bungeni: Jimbo, Mkoa na Uwakilishi wa Nyanda za Juu Kusini Tangu Enzi za LEGCO

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, na moja kati ya hayo ni Uyole. Tangu siku hiyo kuna swali linalozunguka kwenye bajaji na vibanda vya Mwanjelwa, jijini Mbeya: "Kwa hiyo Uyole sasa ni wilaya?" Si wilaya. Ukishuka njia panda ya Uyole, pale barabara ya Tukuyu inapoachana na ya kwenda Iringa, bado uko ndani ya Jiji la Mbeya. Meya ni mmoja, mkurugenzi wa jiji ni mmoja, mkuu wa wilaya ni mmoja. Kilichobadilika ni karatasi moja ya kura: anayeishi upande huo hachagui tena mbunge wa Mbeya Mjini, anachagua wake.

Swali hilo lina ndugu zake. Njombe ilipokuwa mkoa mwaka 2012, wapo waliosubiri wabunge wapya. Songwe ilipozaliwa Januari 2016, wakasubiri tena. Hawakuja, wala hawakuwa njiani. Chanzo cha mkanganyiko ni neno moja, "jimbo", ambalo limebeba maana nyingi kwa miaka mingi, na kila kizazi kimeachiwa maana yake.

Tuanze hapo. Enzi za Mwingereza, jimbo lilikuwa eneo kubwa la utawala. Iringa, Njombe, Mbeya, Rungwe na Chunya zote zilikuwa ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, na mkubwa wake aliitwa PC (Provincial Commissioner), yaani mkuu wa jimbo. Mzee anayekwambia "sisi wa jimbo la Nyanda za Juu" hajakosea, anatumia neno la wakati wake. Baada ya Uhuru majimbo hayo yakavunjwa kuwa mikoa, na letu likatoa Iringa na Mbeya. Neno likabaki bila kazi, likahamia kwenye uchaguzi. Leo jimbo kisheria ni eneo linalochagua mbunge mmoja, basi. Juu ya hapo kuna majimbo ya makanisa: Wamoravian wana Jimbo la Kusini lenye makao Rungwe na Jimbo la Kusini Magharibi lenye makao Mbeya. Halafu kuna "sera ya majimbo" inayosikika majukwaani, ambayo maana yake ni kuzipa kanda madaraka ya kujiendesha. Mtu mmoja wa Rungwe anaweza kuwa ndani ya majimbo mawili kabla hajapata chai ya asubuhi.

Mkoa, wilaya na halmashauri ni ngazi za utawala. Mkoa una mkuu wa mkoa, wilaya ina mkuu wa wilaya, na wote wawili wanateuliwa na Rais. Halmashauri ina madiwani wa kuchaguliwa na mkurugenzi wa kuajiriwa au kuteuliwa. Jimbo la uchaguzi halina ofisi ya serikali, halina mkuu wala bajeti ya watumishi. Ni mstari uliochorwa juu ya kata ili kujua kura za nani zihesabiwe pamoja.

Chukua soko. Soko lina jina, uzio na geti, na ndani yake kuna vizimba. Mfanyabiashara anayelipia na kuuza ni wa kizimba, hata kama wateja wanasema wanakwenda "sokoni". Sasa jenga ukuta katikati ya soko hilo, weka mageti mawili na mabango mawili. Una masoko mawili, lakini vizimba ni vilevile. Mkoa ni soko, jimbo ni kizimba. Njombe na Songwe zilijengewa ukuta na kuwekewa bango, basi.

Na mafundi wa kazi hizo mbili ni tofauti. Kugawa nchi katika mikoa na wilaya ni madaraka ya Rais chini ya Ibara ya 2 ya Katiba. Kugawa majimbo ya uchaguzi ni kazi ya Tume chini ya Ibara ya 75. Wapo watakaosema tofauti hiyo ni ndogo, kwa sababu Ibara ya 75 yenyewe inaitaka Tume ipate kwanza kibali cha Rais. Hoja yao ina uzito. Hata hivyo ni taratibu mbili, kila moja na nyaraka zake na wakati wake, na moja haiivuti nyingine.

Wawakilishi watatu kwa eneo zima

Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, lililojulikana zaidi kama LEGCO, lilianza mwaka 1926 chini ya Gavana Donald Cameron. Kwa karibu miaka 20 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Mwaka 1945 waliteuliwa wawili wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia wa Usukumani na Chifu Abdiel Shangali wa Uchagani. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe, mjukuu wa Mkwawa, naye yumo kwenye kundi la mwanzo la Waafrika walioingia humo kwa kuteuliwa. Hapo hapakuwa na kura wala jimbo la uchaguzi. Gavana alichagua mtu anayemwamini, na mtu huyo akahesabiwa kuwa sauti ya wenzake.

Kura zilikuja mwaka 1958, zikiwa na sharti la ajabu. Nchi iligawanywa katika majimbo kumi ya uchaguzi, na kila moja lilikuwa na viti vitatu: cha Mwafrika, cha Mzungu na cha Mwasia. Mpigakura alilazimika kumchagua mtu kwenye kila kiti. Ni sawa na kwenda kwa mama lishe unataka chai, ukaambiwa chai haiuzwi bila kitumbua na andazi, na ukikataa kimoja hupewi hata chai. Aliyeweka alama kwa Mwafrika pekee aliharibu karatasi yake. Ndiyo maana kura hiyo ikaitwa Kura Tatu, na ndiyo maana TANU ilikaribia kugawanyika juu yake kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, kabla ya kuamua kushiriki.

Tena haikuwa kura ya kila mtu. Ulitakiwa uwe na miaka 21, kisha uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kilichotajwa kwenye sheria. Mkulima wa kawaida wa mahindi wa Isimani au wa kahawa wa Mbozi hakufika hapo.

Uchaguzi ulifanyika kwa awamu mbili, na Nyanda za Juu Kusini ilikuwa kwenye awamu ya kwanza, Septemba 1958. Eneo zima, kuanzia milima ya Kilolo hadi mpaka wa Tunduma na ufukwe wa Kyela, lilikuwa jimbo moja la uchaguzi. Hii ndiyo mara ambayo jimbo la utawala na jimbo la uchaguzi vilikaa juu ya mstari uleule, na nadhani ndipo mazoea ya kuvichanganya yalipoanzia. Kutoka huku waliingia John Mwakangale, mwanasiasa wa TANU, na Lady Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyeshika kiti cha Wazungu kwa kuungwa mkono na TANU na akaendelea kuwa mbunge baada ya Uhuru. Wanaodhani TANU ilishinda viti vya Waafrika tu wanasahau kwamba chini ya Kura Tatu wapigakura wengi walikuwa Waafrika hata kwenye kiti cha Mzungu. Sharti lililowekwa ili kulinda wachache ndilo lililowapa TANU nguvu ya kuamua wachache hao wawakilishwe na nani.

Agosti 1960 mambo yalipanuka. Viti vikawa 71, kati yake 50 vikiwa wazi kwa watu wa rangi yoyote, kipato cha mpigakura kikashushwa hadi pauni 75, na kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kukatosha. TANU ilichukua viti 70, vingi bila kupingwa. Ndipo jimbo moja kubwa la Nyanda za Juu Kusini likakatwa vipande, na tangu hapo halijaungana tena.

Wakati mkoa ulipokuwa na kiti

Hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui, na ndilo linalowapa wazee haki ya kubisha. Ukimwambia mzee wa Iringa kwamba mkoa haujawahi kuwa na kiti bungeni, atakukatalia, na atakuwa sahihi.

Katiba ya Muda ya mwaka 1965, iliyoweka chama kimoja, ilikuwa na majimbo ya uchaguzi 107, yote ya Bara. Katika kila jimbo chama kiliteua wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, na asiyejua kusoma akachagua picha. Ushindani ulikuwepo, ila ulikuwa ndani ya boma moja. Pamoja na wabunge hao wa majimbo, Katiba iliwaingiza bungeni wakuu wa mikoa kwa sababu ya vyeo vyao. Mkuu wa Mkoa wa Mbeya alikuwa mbunge bila kupigiwa kura, na wa Iringa vivyo hivyo. Rais akimhamisha, kiti kilibaki mkoani na mwenzake akakikalia.

Kwa hiyo mkoa ulikuwa na kiti, lakini kilikuwa cha serikali. Mkuu wa mkoa hakuwa na wapigakura wa kumwondoa, na alikaa bungeni pamoja na mawaziri ambao kazi ya Bunge ni kuwasimamia. Rukwa ilipoanzishwa mwaka 1974, kwa kuchukua Sumbawanga kutoka Mbeya na Mpanda kutoka Tabora, mkoa mpya kweli ulimaanisha kiti kipya: cha mkuu wake. Mfumo huo uliondoka na mabadiliko ya Katiba ya miaka ya 1990, vyama vingi viliporudi. Dhana kwamba mkoa mpya ni mbunge mpya ina mzizi, basi. Imepitwa na sheria iliyoizaa, ila haikutoka hewani.

Tunduma, mpigakura mmoja na mipaka minne

Hesabu za majimbo zinaeleweka vizuri ukisimama mahali pamoja na kuacha mipaka ikupite. Simama Tunduma, pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia.

Mwaka 1958 mahali hapo palikuwa sehemu ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, kiutawala na kiuchaguzi. Baada ya Uhuru pakawa Mkoa wa Mbeya, Wilaya ya Mbozi. Uchaguzi wa 2010 wakazi walipiga kura katika jimbo la Mbozi Magharibi, aliloshinda David Silinde. Mwaka 2012 Wilaya ya Momba ikakatwa kutoka Mbozi: wilaya mpya, mbunge yuleyule. Mwaka 2015 Tume ikaligawa jimbo, Tunduma ikapata la kwake, na Oktoba 25 ikamchagua Frank Mwakajoka. Miezi mitatu baadaye, Januari 2016, Mkoa wa Songwe ukaanza rasmi. Waliolala wakiwa watu wa Mkoa wa Mbeya wakaamka wa Songwe, na Mwakajoka akaendelea kuwa mbunge wao bila kura nyingine kupigwa. Jina la mkoa kwenye bahasha lilibadilika, kiti bungeni hakikuguswa.

Sasa jumla. Mwaka 2010 Mkoa wa Iringa, ukiwa bado na Njombe ndani yake, ulikuwa na majimbo 11, na Mkoa wa Mbeya, ukiwa na Songwe, ulikuwa na 11. Jumla 22. Leo Iringa ina 7, Njombe 6, Mbeya 8 na Songwe 6. Jumla 27. Vitano vilivyoongezeka vinafahamika kwa majina: Mafinga Mjini, Makambako, Vwawa na Tunduma mwaka 2015, na Uyole mwaka 2025. Kila kimoja kilitokana na mji uliokua na Tume iliyochora mstari. Hakuna kilichotokana na mkoa kuzaliwa. Njombe ilikaa miaka mitatu ikiwa mkoa kabla ya 2015, na kwa muda wote huo wabunge wake walikuwa walewale waliochaguliwa chini ya jina la Iringa.

Kwa nini Njombe ina wengi kuliko inavyostahili, au Mbeya wachache

Chukua Sensa ya 2022. Mkoa wa Mbeya ulikuwa na watu 2,343,754, Songwe 1,344,687, Iringa 1,192,728 na Njombe 889,946. Gawanya kwa majimbo ya leo: Mbeya inapata karibu watu 293,000 kwa kila mbunge, Songwe 224,000, Iringa 170,000 na Njombe 148,000. Mbunge mmoja wa Mbeya, kwa wastani, anabeba mzigo wa wawili wa Njombe. Na hiyo ni baada ya Uyole kupatikana. Kabla ya hapo Jiji la Mbeya peke yake, watu 541,603, lilikuwa na mbunge mmoja, wakati Mkoa mzima wa Njombe, ambao haufiki hata mara mbili ya jiji hilo, ulikuwa na sita.

Wengi hulisoma hilo kama upendeleo. Nusu ya jibu iko kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 75 haiitaki Tume itazame idadi ya watu pekee. Inaitaka itazame pia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Mtu anayejua Ludewa anaelewa mara moja. Kutoka makao makuu ya wilaya hadi Manda au Lupingu, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, unateremka safu ya Livingstone, na vipo vijiji vya mwambao ambavyo boti inafika kirahisi kuliko gari. Makete wakati wa masika ni vivyo hivyo. Mbunge wa jiji anaweza kufanya mikutano mitatu kwa siku na kurudi kulala nyumbani. Wa Ludewa anaweza kutumia siku nzima kufika kwenye mkutano mmoja.

Nusu nyingine ya jibu ni mazoea. Kuongeza jimbo mahali ni rahisi kuliko kulifuta mahali pengine, kwa sababu hakuna mbunge anayepiga debe jimbo lake liunganishwe na la jirani. Matokeo yake uwiano hurekebishwa kwa kuongeza tu, na ukumbi wa Bunge Dodoma una ukuta. Usicheke: uwezo wa ukumbi ni miongoni mwa vigezo ambavyo Tume hutazama. Majimbo yalikuwa 239 mwaka 2010, yakawa 264 mwaka 2015, na sasa ni 272, yaani 222 ya Bara na 50 ya Zanzibar.

Utaratibu wa kugawa jimbo hauanzi Dodoma. Katiba inataka mipaka ichunguzwe angalau kila baada ya miaka kumi. Tume inapofungua dirisha, pendekezo huanzia kwenye baraza la madiwani, linapanda kwenye kamati ya ushauri ya wilaya, kisha ya mkoa, ndipo linafika Tume. Mambo hukwama wapi? Mara nyingi kwenye mipaka ya chini. Jimbo halitakiwi kukaa ndani ya halmashauri mbili, na kata haitakiwi kukatwa ikaangukia majimbo mawili. Madiwani wakipeleka ramani inayogawa kata, au wakikalia kubishana juu ya jina hadi dirisha linafungwa, wameumia wenyewe. Na idadi ya watu ikivuka wastani, jimbo haligawanyiki lenyewe kama mkate. Lazima mtu aombe, na hata akiomba Tume inaweza kukataa.

Viti maalumu: hapa mkoa unarudi kwa mlango wa nyuma

Utasikia "mbunge wa viti maalumu Mkoa wa Njombe", kisha utauliza: si ulisema mkoa hauna kiti? Kisheria hauna. Viti maalumu vya wanawake vilianza vikiwa 15 mwaka 1985, na sasa Katiba inataka wanawake hao wasipungue asilimia 30. Vinagawanywa kwa vyama, kwa kutazama kura za ubunge za nchi nzima. Chama kisichofikisha asilimia 5 ya kura halali hakipati kitu.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kuna viti 113, na vyama vitatu vimevuka kizingiti kikiwa kimoja na kura 6,000,000, cha pili 3,000,000 na cha tatu 1,000,000. Cha kwanza kinapata 68, cha pili 34, cha tatu 11. Mkoa haumo kwenye hesabu hiyo. Unaingia ndani ya chama: CCM, kupitia jumuiya yake ya wanawake, UWT, huwapigia wagombea wake kura za maoni mkoa kwa mkoa, na ndiyo maana mbunge anatambulishwa kwa jina la mkoa. Ni utaratibu wa nyumbani kwao.

Mambo mawili yanafuata. La kwanza, kura ya aliyeshindwa haipotei kabisa. Iringa Mjini na Mbeya Mjini zilipokwenda Chadema mwaka 2010, kwa Peter Msigwa na Joseph Mbilinyi, kura za CCM katika miji hiyo bado ziliingia kwenye kapu la taifa la viti maalumu. Kadhalika kura za upinzani kutoka Mufindi au Ludewa. La pili, kila majimbo saba mapya huzaa takribani viti maalumu vitatu: majimbo 239 yalikwenda na viti 102, na majimbo 264 yakaenda na 113. Anayelalamikia ukubwa wa Bunge huku akiomba jimbo ligawanywe anavuta kamba kwa pande zote mbili.

Mbarali ilionyesha tofauti ya viti hivi mwaka 2023. Mbunge wa jimbo alipofariki, wananchi walirudi kwenye sanduku Septemba 19, na mshindi akawa Bahati Ndingo, aliyekuwa mbunge wa viti maalumu. Kiti cha jimbo kikiwa wazi, wapigakura huitwa. Kiti maalumu kikiwa wazi, hujazwa kutoka kwenye orodha ya chama, na hakuna anayepanga foleni.

Tofauti nyingine inaonekana kwenye fedha na madaraka. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, unafuata jimbo, hivyo mbunge wa viti maalumu hana fungu lake. Na Waziri Mkuu lazima awe mbunge wa jimbo.

Kuna mara moja ambapo mkoa ulikaribia kurudi kwa mlango wa mbele. Rasimu ya Katiba ya mwaka 2013, ya tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, ilitaka kila mkoa wa Bara uwe jimbo moja la Bunge la Muungano na uchague wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Mikoa 25 ya Bara na wilaya 10 za Zanzibar zingetoa 70, na Rais angeteua watano kuwakilisha watu wenye ulemavu. Mbeya, Iringa na Njombe zingekuwa na wabunge sita tu, kwa kuwa mambo mengi yangehamia kwenye Bunge la pili, la Tanganyika, ambalo rasimu hiyo ililipendekeza. Chini ya mpango huo, kuzaliwa kwa Songwe kungekuwa na maana ya viti viwili vipya. Bunge Maalumu halikuupitisha mfumo huo, na hata Katiba Inayopendekezwa ya 2014 haijapigiwa kura ya maoni.

Spika si kiti cha ziada

Huku kwetu tunapenda kujivunia kwamba tumetoa maspika watatu, na takwimu zinaturuhusu: Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, aliyeongoza 1962 hadi 1973 na tena 1975 hadi 1994, Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini na mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo, 2010 hadi 2015, na Tulia Ackson, Spika kuanzia Februari 2022 hadi 2025 akiwa mbunge wa Mbeya Mjini, ambaye mwaka 2023 alichaguliwa pia kuwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Jimbo likimtoa Spika halipati kiti cha pili. Kwa kweli linapungukiwa kidogo, kwa kuwa anayeongoza kikao hasimami kumuuliza waziri maswali ya barabara ya kwao. Anachopata ni mlango wa waziri kufunguka haraka, jambo ambalo halimo kwenye kanuni yoyote.

Usidanganywe na majina

Mbunge wa Songwe hawakilishi Mkoa wa Songwe. Anawakilisha jimbo la Songwe, lililo kwenye wilaya yenye makao makuu Mkwajuni, na mkoa huo una wabunge wengine watano. Makao makuu ya Mkoa wa Songwe yako Vwawa, Wilaya ya Mbozi. Uwanja wa ndege wa Songwe, nao, uko Mkoa wa Mbeya. Wilaya ya Chunya mbunge wake ni wa Lupa. Ukitafuta jimbo la "Iringa Vijijini" hutalipata, kwa sababu halmashauri hiyo ina majimbo ya Kalenga na Isimani. Wilaya ya Njombe ina majimbo matatu: Njombe Mjini, Makambako na Lupembe.

Njia ya uhakika ya kujua jimbo lako ni kuanzia chini. Jua kata yako, kisha muulize mtendaji wa kata iko jimbo gani. Jibu haliwezi kuwa mawili. Kwa wakazi wa Jiji la Mbeya hili ni la lazima sasa, maana ofisi ya jiji ni moja na wabunge ni wawili. Ukiwa na kero ya leseni ya biashara, taka au kiwanja, mlango ni uleule wa jiji, uwe unaishi Uyole au Mwanjelwa. Ukitaka swali lako lisomwe Dodoma, hapo ndipo kata inakuchagulia mlango.

Na wabunge wa mkoa mzima hukutana wapi? Kwenye kamati ya ushauri ya mkoa na bodi ya barabara ya mkoa, wakiwa na mkuu wa mkoa na wataalamu. Huko ndiko barabara inayokatiza majimbo mawili hujadiliwa ikiwa barabara moja, na huko ndiko mbunge wa Rungwe na wa Busokelo hulazimika kukubaliana ni kipande kipi kianze.